Mtoto wa kona ya nyuma: uchambuzi wa kisa cha somo la sanaa na muziki kwa mwanafunzi mwenye usonji

Kisa hiki ni cha mfano. Kimeundwa kutokana na mambo yanayojirudia madarasani, na hakimhusu mtoto yeyote anayeweza kutambuliwa. Mwanafunzi tutamwita S. Ana miaka 9, ana usonji (kwa Kiingereza autism), huzungumza kwa vifungu vya maneno mawili matatu, na mara nyingi hurudia sentensi aliyoisikia bila kubadilisha hata kiimbo. Yumo katika darasa la kawaida la wanafunzi 31 na ana mwalimu msaidizi. Kipindi cha muziki na sanaa ni kimoja kwa wiki, dakika 80: nusu ya kwanza muziki, nusu ya pili uchoraji na kazi za mikono.

Malalamiko yalikuwa haya. Filimbi zikianza tu, S. huziba masikio, hupiga kelele na kuingia chini ya meza. Siku moja alimng'ata mwalimu msaidizi aliyejaribu kumtoa. Kwenye uchoraji huchora kitu kimoja tu, feni ya dari, karatasi baada ya karatasi. Gundi hagusi, udongo hagusi. Karatasi yake ikichukuliwa, hulia mpaka kengele. Shule ikaamua akae kona ya nyuma na kitabu cha kupaka rangi. Kelele zikapungua, ikaonekana mambo yametengemaa.

Hayakutengemaa. Kumshughulisha mtoto si kumfundisha, na S. alimaliza mwaka mzima bila kufundishwa noti moja wala namna moja ya kutumia brashi. Kilichowashtua walimu ni taarifa ya mama yake: jioni ya siku ya kipindi, S. huguna wimbo wa darasa kuanzia mwanzo hadi mwisho, tena kwa sauti ileile ya kuanzia iliyotumika darasani. Kule kona alikuwa akisikiliza kuliko wengi waliokuwa na filimbi mdomoni. Jambo hili si geni. Daktari wa akili Leo Kanner, alipoandika mwaka 1943 juu ya watoto 11 waliokuja kuwa msingi wa utambuzi wa usonji, alimtaja mmoja ambaye akiwa na umri wa mwaka 1 aliweza kuguna na kuimba nyimbo nyingi kwa usahihi. Si kila mtoto mwenye usonji ana sikio la namna hiyo, lakini mwalimu wa muziki asiyelitafuta hatalipata.

Kabla ya kubadilisha chochote

Hatua ya kwanza ilikuwa kuandika, si kutenda. Kwa vipindi vinne mwalimu msaidizi alijaza karatasi yenye safu nne: saa ngapi, nini kilitangulia, S. alifanya nini, ilichukua muda gani kutulia. Safu ya pili ndiyo yenye kazi ngumu. "Muziki ulianza" haitoshi. Inatakiwa iandikwe: filimbi ngapi, zilianza kwa ishara au ghafla, mlango ulikuwa wazi au umefungwa, S. alikuwa amekaa wapi, taa zipi ziliwaka. Mwandishi asiandike "alikasirika" wala "alileta ukaidi". Aandike alichokiona kwa macho.

Karatasi hizo zilipangua karibu kila dhana iliyokuwepo. Ngoma, ambayo kila mtu alidhani ndiyo adui, haikumsumbua S. hata kidogo akiipiga mwenyewe, na ilimsumbua kidogo tu mwenzake akiipiga mbele ya macho yake. Filimbi moja aliivumilia. Filimbi 30 zilizoanza bila ishara ndizo zilizompeleka chini ya meza. Kilio kikubwa zaidi hakikutokea kwenye muziki kabisa, kilitokea dakika ile ya kuvuka kutoka muziki kwenda kuchora, viti vinapoburutwa vyote kwa pamoja. Na gundi? Aliigusa mara mbili bila shida. Shida ilianza dakika moja baadaye, ilipoanza kukauka na kuvuta ngozi ya vidole.

Hapa inafaa kutenganisha mambo mawili yanayochanganywa kila siku. Kukataa ni uamuzi: mtoto anaangalia kama umemwona, na kitu akitakacho kikipatikana anatulia. Kulemewa si uamuzi. Hisia zimefurika, mtoto haangalii kama kuna anayemtazama, na hata ukimpa akipendacho haachi. Kwa kulemewa, adhabu na maelezo marefu huongeza mzigo. Kinachosaidia ni kupunguza sauti, mwanga, watu na maneno, kisha kungoja. Karatasi zilionyesha kuwa sehemu kubwa ya matukio ya S. ilikuwa ya aina hii ya pili. Tangu mwaka 2013 mwongozo wa utambuzi wa DSM-5, unaotolewa na chama cha madaktari wa akili wa Marekani, umeweka hisia kali kupita kiasi, au hafifu kupita kiasi, miongoni mwa dalili za usonji. Kwa hiyo mwalimu asilichukulie hili kama deko.

Kwa nini filimbi, na kwa nini kona haikusaidia

Filimbi ya soprano inayotumika shuleni huanzia karibu hezi 523 (yaani mitetemo 523 kwa sekunde) na kupanda kupita 2,000. Sikio la binadamu lina usikivu mkali zaidi kati ya hezi 2,000 na 5,000 hivi, na mlio wa mwanafunzi anayepuliza kwa nguvu kupita kiasi hurukia huko moja kwa moja. Zikiwa 30, kila moja imepotoka kidogo kwa namna yake, sauti hugongana na kutetemeka. Mtu mwenye sikio la kawaida huliita hilo kelele za watoto. Mtoto anayeshika wimbo kwa sauti yake halisi husikia noti moja ikikosewa mara 30 kwa wakati mmoja.

Kumpeleka kona ya nyuma kulionekana ni busara. Mahali pa wazi, ukiongeza umbali maradufu sauti hupungua kwa desibeli 6 hivi (desibeli ni kipimo cha ukubwa wa sauti). Lakini chumba cha sakafu ya vigae na kuta za saruji si mahali pa wazi: mwangwi huijaza sauti kila upande, na ukishatoka mita chache kutoka kwenye chanzo, kwenda nyuma zaidi hakupunguzi kitu cha maana. Kona yenyewe, palipokutana kuta mbili, ni miongoni mwa sehemu mbaya zaidi. Walichofanya walimu baadaye ni kutundika mapazia mazito upande wa madirisha, kutandika zulia chini ya kundi la filimbi, na kuvisha miguu ya viti vipande vya kitambaa kizito ili visikwaruze. Hili la viti ndilo lililobadilisha mambo haraka kuliko yote, na halikuhitaji utaalamu wowote.

Viziba masikio vya kuvalia kichwani vilinunuliwa pia, kwa masharti: vivaliwe filimbi za kundi zinapopigwa, vivuliwe zikiisha. Mtoto akivivaa kutwa, masikio huzoea ukimya na sauti za kawaida zikaanza kumchoma. Tena havai kwa kuamriwa. Vinaning'inizwa kwenye kiti chake na anavichukua mwenyewe.

Upande wa muziki

Walianza na zailofoni ya vibao vinavyong'oka, ala iliyoenea mashuleni kupitia njia ya walimu wa muziki Wajerumani Carl Orff na Gunild Keetman. Ukiondoa noti za fa na ti zinabaki do, re, mi, so, la, na mtoto hata apige vipi hakuna mgongano mkali wa noti. Faida yake kwa S. ni kubwa kuliko inavyoonekana: hakuna wa kumwambia "hapana" kwenye ala, kwa hiyo maneno ya mwalimu yanapungua. Virungu vilikuwa vya uzi, si vya plastiki wala mbao, maana kirungu kigumu hutoa mlio mkali wa juu kabla ya noti yenyewe kusikika.

Wiki za mwanzo zilikuwa na vibao viwili tu, do na so. Mwalimu anapiga do-so, anatua virungu mapajani, anangoja. Anangoja kweli, mpaka sekunde 10, bila kusema "haya, zamu yako", bila kukohoa, bila kuinua nyusi. Walimu wengi huvunjika hapa. Sekunde 10 za ukimya mbele ya darasa ni ndefu mno, na mwalimu hujikuta amerudia swali katika ya tatu. Kwa mtoto anayechakata maneno polepole, swali lililorudiwa ni swali jipya, na hesabu huanza upya.

S. aliiga sawasawa. Tabia yake ya kurudia alichosikia, ambayo kwenye masomo mengine ilihesabiwa kuwa kikwazo, ndiyo msingi wa mafunzo ya sikio. Mwalimu alipoona mwigo umetulia alibadilisha noti moja: do-so-do. Kisha pigo moja likawa refu. Kisha akaacha mwisho wazi, do-so na kimya, mpaka S. akaumalizia yeye. Huo ulikuwa utunzi wake wa kwanza, na ulistahili kuandikwa kwenye daftari kama alama ya mwanafunzi mwingine yeyote.

Yaliyokwenda kombo nayo yana somo. Walipoharakisha kutoka vibao viwili hadi vitano, S. aliacha kupiga akaanza kung'oa vibao na kuvipanga kwa ukubwa, tena na tena, kipindi kizima. Haukuwa ukaidi. Alipewa kitu chenye vipande vinavyopangika, akapanga. Dawa yake ilikuwa kung'oa visivyohitajika kabla hajaingia darasani na kuvifungia, kisha kuongeza kibao kimoja kila wiki mbili, S. akiangalia kinavyowekwa.

Kosa la pili lilikuwa la mkono. Mwalimu msaidizi alizoea kushika mkono wa S. juu ya kirungu na kupiga naye. Kipindi cha tatu S. alikuwa analegeza kiganja na kungoja kusukumwa. Mkono wa msaidizi ukiondoka, kirungu kinaanguka. Alikuwa amejifunza kwamba kupiga ni kazi ya mtu mwingine. Waliurudisha nyuma msaada kwa ngazi: kwanza kugusa kifundo cha mkono, kisha kiwiko kwa kidole kimoja, kisha kuonyesha kibao kwa kidole bila kumgusa, mwisho kutazama kibao tu. Kila ngazi ilikaa mpaka afanikiwe mara tano mfululizo. Kumshika mtoto mkono bila ridhaa yake kuna ubaya mwingine ulio mkubwa zaidi: unamfundisha kwamba mwili wake ni wa kuongozwa na yeyote. Inafaa msaidizi aweke mkono wake wazi mezani na kumwacha mtoto aushike akitaka.

Rangi za noti zinahitaji tahadhari. Kila kibao kilibandikwa rangi yake, na kadi za wimbo zikawa na duara za rangi hizo. Njia hii huleta matokeo haraka, na ndipo mtego ulipo, maana mtoto anaweza kusoma rangi mwaka mzima bila kujua noti. Ndani ya duara iliandikwa d, r, m, s, l tangu siku ya kwanza. Baada ya wiki sita rangi ilibaki kwenye ukingo wa duara tu, baadaye ikawa nukta, kisha ikaondoka. Rangi hazibadilishwi hata kidogo kati ya ala na ala. So ikiwa buluu kwenye zailofoni, ni buluu kwenye kengele za mkono.

Filimbi za kundi hazikuondolewa, kwa sababu wanafunzi wengine 30 nao wana haki ya somo lao. Kilichobadilika ni nani anazianzisha. S. alipewa kadi ya duara la kijani na jingine jekundu, akawa ndiye mwenye kuinua. Sauti unayoianzisha mwenyewe haikushtui kama inayokuvamia. Walianza na filimbi 6, mapigo 4, basi. Kisha 6 kwa mapigo 8. Kisha 12. S. alisimama karibu na mlango, ruhusa ya kutoka iko wazi, na kadi yenye picha ya mlango imo mfukoni. Aliitumia mara nyingi mwanzoni, kila mara akaruhusiwa bila maswali na bila "subiri kidogo". Siku kadi hiyo itakapokataliwa mara moja, haitakuwa na thamani tena, na mtoto atarudi kwenye njia anayoijua, yaani kung'ata.

Makofi pia yaliondolewa. Darasa lilifundishwa kupongeza kwa kuinua viganja na kuvitikisa hewani, kama wafanyavyo viziwi.

Upande wa uchoraji

Karibu kila mtu aliyemwona S. akichora feni alitaka kumwachisha. Kuna waliomficha penseli. Hilo ni kosa la msingi: kitu anachokipenda mtoto ndicho mlango wa somo, na feni ina sanaa nyingi ndani yake. Ina duara na kitovu. Panga 3 ni digrii 120 kati ya moja na nyingine, panga 4 ni 90, panga 5 ni 72. Ina ulinganifu wa kuzunguka, ambao ndio msingi wa nakshi nyingi za mviringo. Feni ikitazamwa kutoka chini ni duara, ikitazamwa kwa mshazari ni yai, na hilo ndilo somo zima la kina katika mchoro.

Kanuni iliyofuatwa ni moja, na ni ya kushikwa kwa mikono miwili: badilisha kitu kimoja tu kwa wakati. Somo lilelile, kifaa kipya. Au kifaa kilekile, somo jipya. Feni kwa penseli ikawa feni kwa krayoni, ikawa feni kwa brashi na wino, ikawa feni ya vipande vya karatasi. Kifaa kikishazoeleka, ndipo mada inasogea kidogo: gurudumu, ua lenye petali 5, chungwa lililokatwa katikati. Walipojaribu kuleta rangi za maji na mada mpya siku moja, alichana karatasi zote mbili.

Kipindi kilichofanikiwa kuliko vyote kilikuwa cha kisahani cha rangi. Unakata kadi ngumu duara la sentimita 10, unatoboa matundu mawili yaliyoachana sentimita 1, kila moja nusu sentimita kutoka kitovuni, unapitisha uzi wa urefu wa mita 1 na kuufunga ncha. Ukiusokota na kuuvuta kwa mikono miwili, kisahani kinazunguka kwa kasi. Nusu ilipakwa njano, nusu buluu. Brashi ikizichanganya rangi hizo kwenye sahani hutoka kijani. Kisahani kikizunguka macho huona kijivu. S. alikiendesha, akakisimamisha, akakitazama, akakiendesha tena, kisha akasema neno lake la kwanza katika kipindi kile: "Kijani wapi?" Hapo mwalimu ana somo la wiki tatu mbele yake. Matundu yasipokuwa na umbali sawa kutoka kitovuni, kisahani kitayumba na hakitazunguka. Ndiyo sababu mwalimu aliyatoboa yeye kabla.

Gundi ya maji ilibadilishwa kwa ya kijiti, na ya maji ikarudi baadaye kwa brashi yenye mpini mrefu. Bakuli la maji ya uvuguvugu na taulo viliwekwa upande wake wa kulia muda wote, ili anawe kabla haijakauka, bila kuomba. Udongo wa mfinyanzi ulianza kwa kukatwa kwa uzi na kukandamizwa kwa kijiko, kisha kwa kidole kimoja. Kwa kuwa S. ana tabia ya kutia vitu mdomoni, unga uliokandwa kwa chumvi nyingi ulipigwa marufuku. Watu huuona salama kwa sababu vyote ni vya jikoni, lakini chumvi ile ni nyingi kiasi cha kumdhuru mtoto akiumeza.

Karatasi kuchukuliwa kulitatuliwa na trei mbili, moja ya "bado" na nyingine ya "imeisha", na S. ndiye anayeweka. Kazi ya "bado" anaikuta palepale wiki inayofuata. Idadi ya karatasi ilionekana mezani tangu mwanzo: tatu, zikiisha zimeisha. Na mwalimu hachori kamwe juu ya karatasi ya mwanafunzi. Mfano unachorwa kwenye karatasi ya mwalimu, pembeni.

Kipimo

Uongozi wa shule uliuliza kama programu hii "inatibu". Jibu ni kwamba hilo si lengo la somo. Tiba ya muziki ni taaluma nyingine yenye wataalamu wake, na hata huko ushahidi unahitaji kusomwa kwa utulivu. Utafiti mkubwa uliochapishwa katika jarida la kitabibu la JAMA mwaka 2017, wa watoto 364 katika nchi 9, haukuona tofauti ya maana katika ukali wa dalili za kijamii baada ya miezi 5. Mapitio ya mwaka 2022 ya Cochrane, shirika linalokusanya na kupima tafiti za afya, yaliyojumlisha tafiti 26, yaliona nafuu katika hali ya jumla na ubora wa maisha, si katika kila kipimo. Mtoto asiye na usonji hatakiwi kuthibitisha kwamba muziki umemponya kitu ndipo afundishwe. S. vilevile.

Kwa hiyo alipimwa kwa muziki na sanaa. Anashika mdundo wa mapigo manne kwa nusu dakika bila msaada. Anaiga lahani ya noti 4 kwenye vibao vitano. Anasoma herufi za noti bila rangi. Anagawa duara kwa 3, 4 na 5. Anajua kuchanganya rangi ya tatu kutokana na mbili. Kukaa kitini hakukuwekwa popote kwenye orodha hiyo.

Filimbi 30 bado hazivumilii. Anafika 12, na huenda akaishia hapo. Kwenye tamasha la shule alipiga do-so kwenye zailofoni kwa sekunde 90, baada ya kuletwa ukumbini mara tatu ukiwa mtupu, akatoka kwa mlango wa pembeni kabla kundi la filimbi halijaingia.

Anapohamia kwa mwalimu mwingine kuna karatasi moja ya makabidhiano: so ni buluu, kadi ya mlango haikataliwi, ngoja sekunde 10, viti vivishwe kitambaa, taulo kulia, badilisha kimoja, usiguse mkono, na mwaka huu aanzishiwe re-la, kwani do-so ameshaichoka.